DAC ya kujiundia: miezi mitano ya kuitengeneza na kuitengeneza tena, Mombasa

Siku ya kwanza kuiwasha ilivuma kama nyuki walionaswa ndani ya dumu. Ilikuwa usiku, tumekaa ukumbini hapa Kibokoni, madirisha wazi. Mke wangu akaniangalia, nami nikaangalia dari. "Ndiyo hiyo ya elfu sita?" Nikamwambia ngoja ipate moto kwanza. Moto ilikuwa nao tayari, wa kuchomea vidole.

Kwa asiyejua, DAC ni kigeuzi: chapokea muziki ukiwa bado ni nambari, kutoka kompyuta au simu, kikaugeuza kuwa umeme wa sauti ambao amplifaya yaweza kuukuza. Simu yako inacho ndani yake, kidogo kuliko ukucha. Lakini Ami yangu alikuwa amenipa diski yenye kanda zake zote za taarab alizozihamisha miaka ile, nyingine zatoka Mbwana Radio Service, duka la muziki la papa hapa Mombasa, na kuzisikiliza kwa tundu la sauti la laptopu niliona ni kumvunjia heshima. Basi nikaagiza seti ya kujiundia kutoka China: bodi, mfuko wa rezista na kapasita, soketi za kuchomekea chipu, transfoma mbili za duara. Shilingi 6,200 pamoja na usafiri. Chipu yenyewe wajitafutia.

Chipu hiyo ni TDA1541A ya Philips. Ile ya kwanza, TDA1541, ilitoka katikati ya miaka ya 1980, wakati Philips walikuwa wanaihama TDA1540 yao ya biti 14 kwenda biti 16 kamili. Ina pini 28, nene na ndefu kama jongoo, nayo yataka umeme wa aina tatu kwa pamoja: volti 5, volti 5 za hasi na volti 15 za hasi. Chipu nyingi za siku hizi zaridhika na umeme wa aina moja tu. Kwa nini basi nijitie kwenye taabu hiyo? Kwa sababu unaweza kuishika mkononi na kuilehemu bila miwani, na kila kapasita inayoizunguka waiona na waweza kuibadilisha. Mimi ni mtu wa kubadilisha vitu.

Niseme mazuri ya seti kwanza. Bodi ni safi, njia zake za shaba ni pana, na kila tundu limeandikwa linataka nini. Nililehemu yote kwa jioni mbili. Mabaya: haikuja na mchoro wa sakiti, haina mahali pa kufungia waya wa ardhi, na vile vitu vya mfukoni vilikuwa vya bei ya chini kabisa. Soketi hasa. Nitarudi kwenye soketi.

Kosa langu la kwanza ni la kila mgeni wa mambo haya. Nilianza kubadilisha vinavyopendeza macho. Bodi ilikuja na opampu ya NE5532, ambayo kazi yake ni kuupokea mkondo mdogo unaotoka kwenye chipu na kuugeuza kuwa volti. Hesabu yake ni nyepesi: chipu yatoa mkondo wa hadi miliampia 4, ukiupitisha kwenye rezista ya omu 1,500 wapata volti 6 kutoka kilele hadi bonde, ambazo ni kama volti 2.1 kwa kipimo cha kawaida cha sauti, yaani kama kile ambacho CD pleya nyingi hutoa. Nikasoma watu wakiapa kwamba NE5532 ni takataka na OPA2134 ni asali. Nikainunua. Nikasikiliza. Nikajiambia, ah, udi umekuwa na mwili sasa.

Bahati nzuri nina binamu asiye na huruma. Akaniambia nigeuze uso ukutani, yeye atabadilisha opampu au atajifanya anabadilisha, mara kumi, nami nitaje ni ipi. Nilipata tano. Hata sarafu ingepata tano. OPA2134 imo kwenye droo mpaka leo, na sina kinyongo nayo, ni opampu nzuri. Ila pesa zile zilikuwa na kazi nyingine.

Sasa lile la uchungu. Chipu niliyonunua kwanza, kwa shilingi 2,800, ilikuwa na alama ya taji moja iliyopigwa chapa juu. Kwa Philips taji moja ilikuwa alama ya daraja la S1, zilizopimwa na kuchaguliwa. Muuzaji simtaji. Nilipoiweka, upande wa kushoto uliimba, upande wa kulia ulikwaruza kila sauti ilipopungua, kama mtu anayekanyaga changarawe. Nilihangaika wiki nzima nikikagua bodi, nikilehemu upya mahali palipokuwa hapana kasoro. Mwisho nikachovya pamba kwenye asetoni, nikapangusa mgongo wa chipu. Taji ikaja na pamba. Chini yake plastiki imepigwa msasa, mikwaruzo yote imeelekea upande mmoja. Mtu alichukua chipu ya daraja la chini, au mbovu, akaisugua na kuivika taji.

Nilimpelekea mzee mmoja fundi wa redio, Mwembe Tayari, ambaye hutengeneza vyombo vya kizamani vinavyokuja na makontena ya mitumba kutoka Uingereza.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe watafuta chipu dukani, na mimi zimenijaa hapa ndani ya maiti."

Akanitolea CD pleya ya Philips isiyosoma diski, jicho lake la leza limekufa, akaniuzia kwa 1,500. Ndani, chini ya vumbi la miaka, TDA1541A halisi, bila taji, bila mbwembwe. Kuing'oa kulinichukua saa mbili, pini 28, kwa shaba ya kusukwa niliyoitoa kwenye waya wa antena, naloweka utomvu wa kulehemu kidogo, nagusa pasi, shaba yanywa risasi. Mzee alikuwa ananitazama huku anakunywa kahawa yake. "Taratibu. Ukiivunja mguu, mguu mwingine sina." Nilipoiweka kwenye bodi yangu, ile changarawe ikaisha papo hapo. Kwa hiyo anayeuliza ni uboreshaji upi uliobadilisha sauti zaidi, jibu la kwanza ni hilo: chipu ya kweli. Nunua pleya mbovu uing'oe chipu mwenyewe, usinunue taji.

Mvumo, lakini, ulibaki.

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi na kujifunza mengi, kwa hiyo nivumilie. Mvumo ulikuwa wa aina mbili na mimi nilikuwa nausikia kama mmoja. Wa kwanza niliugundua kwa ajali: stima ilikatika na kurudi, laptopu ikawa bado inatumia betri kwa vile chaja ilikuwa imechomoka, na nusu ya mvumo haipo. Laptopu ina plagi ya pini tatu, amplifaya ina plagi ya pini tatu, na DAC iko katikati inaziunganisha kwa waya wa USB upande mmoja na waya za sauti upande wa pili. Waya wa ardhi ukawa umefunga duara, na ndani ya duara hilo mkondo wa stima wa hezi 50 unazunguka na kuingia kwenye muziki. Kuna wanaokata pini ya ardhi kwenye plagi. Mvumo huisha kweli. Halafu siku transfoma ikivuja, bati la amplifaya linakuwa na volti 240 na mtoto anataka kuongeza sauti. Usifanye.

Dawa yangu ilikuwa bodi ndogo ya kutenganisha USB, yenye chipu ADuM4160, inayopitisha data bila waya wa upande huu kugusana na wa upande ule. Hupitisha megabiti 12 kwa sekunde. Sauti ya CD, biti 16, mara 44,100 kwa sekunde, njia mbili, haifiki hata megabiti moja na nusu, kwa hiyo nafasi tele. Lazima kipokezi chako cha USB kiwe cha mwendo huo. Changu kinatumia PCM2706, nacho hakijui mwendo mwingine.

Mvumo wa pili ulikuwa wa umeme wa ndani ya bodi. Transfoma zimeandikwa 220. Kwetu stima ni 240, asilimia 9 zaidi, na ile ziada yote yageuka joto kwenye regulata, yaani vile vifaa vya kushikilia volti zisipande wala kushuka. Seti ilikuja na 7805, 7905 na 7915, bila bati la kupozea, na katika joto la hapa kabla ya Kusi kuanza kuvuma, kidole hakikai juu ya 7915 sekunde mbili. Mbele yake kuna kapasita ya kutuliza umeme, ya mikrofaradi 470. Nikapiga hesabu: kwa miliampia 25 ambazo chipu inakunywa kwenye ile volti 15 ya hasi, mawimbi yanayobaki mbele ya regulata ni kama nusu volti. Nikaweka 2,200, yakashuka hadi sehemu ya kumi ya volti. Regulata ina kazi nyepesi ikipewa maji matulivu.

Kisha nikataka kuhamia regulata za LM317 na LM337, ambazo kelele zake ni ndogo zaidi ukiziongezea kapasita kwenye mguu wa kurekebishia. Hapa sikilizeni, maana nilitoa moshi. LM337 yaingia mahali pa 7905 kwa mpangilio uleule wa miguu, unaongeza rezista mbili basi. LM317 haiingii mahali pa 7805. Miguu ya 7805 ni kuingia, ardhi, kutoka. Ya LM317 ni kurekebisha, kutoka, kuingia. Nilizifanya zote kwa mkono mmoja bila kufikiri, nikawasha, na nyumba ikanuka kama soko la plastiki limeungua. Kilichoniokoa ni tabia aliyonifunza yule mzee: chipu haiingii kwenye soketi mpaka mita isome volti zote tatu. Nilinunua LM317 nyingine, nikaikunja miguu na kuivisha mirija ya plastiki, rezista ya omu 240 na nyingine ya 720, na mita ikasoma 5.02.

Baada ya hapo niliwasha, sikusikia kitu, nikadhani imekufa. Nikaongeza sauti ya amplifaya mpaka mwisho, bado kimya. Ndipo nikagusa faili, na jirani wa juu akagonga sakafu.

Kapasita 14 zinazoizunguka chipu, saba kila upande, nazo nilizibadilisha, kutoka za seramiki kwenda za filamu, nanofaradi 100 kila moja. Sikusikia tofauti. Zimependeza, zimepangana kama meno.

Soketi sasa. Unyevu wetu una chumvi, na soketi za bei ya chini zina vibati vya kubana ambavyo ndani ya miezi mitatu vilikuwa na ukungu wa kijani. Sauti ikaanza kukatika upande mmoja, narudisha kwa kuibonyeza chipu kidole. Aliye Nairobi labda hatoliona hili. Aliye pwani anunue soketi za pini za duara tangu siku ya kwanza, na akishamaliza, apake varnishi ya bodi upande wa chini. Opampu mimi nililehemu moja kwa moja, kwani sina tena haja ya kuibadilisha.

Sauti ikoje? Nitasema kwa uangalifu, kwa sababu binamu ataisoma. Bodi hii haina kichujio cha dijitali kama kile cha SAA7220 ambacho Philips waliiweka mbele ya chipu hii kwenye pleya zao; nambari zaingia moja kwa moja, 44,100 kwa sekunde. Bila kichujio hicho, sauti nyembamba za juu kabisa, kwenye hezi 20,000, hupungua kwa desibeli 3 na kidogo. Watu wanaouita huo ulaini "roho ya analogi" wanasifu upungufu. Mimi naupenda, kanda za zamani zina mchakacho mwingi huko juu na kupungua kwake si hasara. Kwa muziki wa kisasa wenye matoazi makali huenda utaona kuna pazia.

Jumla nimetumia kama 17,000, pamoja na chipu ya taji na opampu ya droo. Ningeanza upya, ningenunua bodi tupu bila ule mfuko wa vitu, na pesa ya kwanza ningeiweka kwenye umeme.

Ami alikuja Ijumaa baada ya swala. Nikamwekea kanda moja ya arusi, ameirekodi mwenyewe. Akasikiliza kidogo, akainua kidole.

"Huyo anayesogeza kiti ni babako."

Kasha bado sina. Nimeiweka ndani ya bati la biskuti, nimetoboa matundu ya hewa ubavuni, waya wa ardhi nimeufunga kwa skrubu kwenye bati lenyewe. Transfoma ziko nje, kwenye kisanduku chao, umbali wa mkono mmoja, maana bati lile ni jembamba. Mke wangu ameuliza mara mbili biskuti zilikwenda wapi.