Kichungi bapa au cha kikapu kwa matundu ya maji ya sitaha?

Maji yakituama kwenye sitaha, boti ya uvuvi huwa hatarini, maana hukimbilia upande ule ule boti inakolalia na kuilaza zaidi. Kinachoziba matundu ya kutolea maji kinajulikana: magamba, mabaki ya chambo, vipande vya uzi wa nailoni.

Ukitaka kujitengenezea kichungi, njia ya kwanza ni kukata kipande cha wavu mgumu na kukifunga bapa juu ya tundu. Ni kazi ya haraka, na hakikwazi mguu wala hakinasi mshipi. Lakini kipande cha mfuko wa plastiki kikilala juu yake, tundu limekwisha, na uzito wa maji ndio unaokigandamiza zaidi.

Njia ya pili ni kuukunja wavu huo uwe kama kikapu kilichofudikizwa, kimo cha vidole viwili au vitatu. Taka hukwama chini, maji yanapita juu yake. Mimi nachagua hiki, hasa kwa anayesafisha samaki baharini. Ubaya wake ni kukwaza miguu, basi ncha za waya zikunjwe ndani zisichome mtu.

Waya wa chuma cha kawaida usitumie kabisa, chumvi huutafuna. Chuma cha pua au plastiki ngumu inafaa. Macho ya wavu yasiwe madogo mno, yataziba kwa ute wa samaki. Afadhali gamba dogo lipite litoke nje. Na kifungwe kiweze kutolewa kwa mkono, bila bisibisi, hata bahari ikiwa imechafuka.