Mnara wa croquembouche: mtamu balaa, ila usiuache usubiri hotuba

Binamu yangu kaolewa na Mfaransa huku Lyon, Julai, na ukweni wakasema keki mtaleta nyie ila croquembouche lazima iwepo, harusi bila hiyo kwao ni kama pilau bila nyama. Nikapewa mimi kazi ya kuagiza. Nikaenda duka moja la keki mtaani kwetu, jina naliacha, utaona kwa nini.

Kwa msioijua: ni vimaandazi vidogo vya mviringo, Wafaransa wanaviita choux yaani kabichi, kwa lile umbo lake, vinajazwa krimu ya maziwa na mayai halafu kila kimoja kinachovywa kwenye sukari iliyounguzwa (karameli) na kubandikwa juu ya mwenzake mpaka upate mnara wenye ncha. Hamira hakuna, unga unapikwa kwanza jikoni na maji na siagi ndo unatia mayai, ukiingia oveni mvuke unaufurisha unabaki na uwazi katikati. Shangazi alivyouona tu: "Mwanangu, si kaimati hizi zimepandana?" Nikamwambia, shangazi, za huku zina krimu ndani, akacheka, akasema basi shira wameipika ikaungua.

Bei sasa. Wanahesabu tatu kwa kila mgeni, sisi tulikuwa 50 kwahiyo 150, moja yuro 2.20, hiyo ni 330, kitako cha nougatine (lozi zilizokatwa na sukari, kigumu kama kigae) 45, kuletewa ukumbini 40, na amana ya stendi ya kuusimamishia mnara 60. Nilishtuka ila ukiona mtu anavyobandika moja moja na sukari ya moto inayounguza vidole unaelewa hela inaenda wapi.

Ladha sina neno. Tulichanganya vanila na kahawa, ya kahawa ilikuwa chungu kidogo inakata ule utamu wa karameli, na ile karameli ilikuwa nyembamba inavunjika kah! kama kioo, ndo maana ya jina lenyewe, kitu kinachovunjika mdomoni.

Tatizo ni muda. Tulikubaliana waulete saa mbili usiku, wao wakaja mapema, saa kumi na mbili na nusu jioni, eti dereva ana harusi nyingine, ukumbi hauna AC, joto la Julai, na baba wa bwana harusi akashika maiki hataki kuiachia. Friji huwezi kuweka maana karameli inavuta unyevu inakuwa gundi, sasa unafanyaje? Tukauangalia tu. Saa tatu mnara ukaanza kuinama kama mzee anatafuta ndala chini ya kitanda, lozi za sukari za pembeni zinadondoka moja moja, mama mkwe anajifanya haoni. Nikawaambia jamani kateni, hotuba itaendelea mkiwa mnakula. Na kukata kwenyewe usivute kwa mkono kama nilivyofanya mimi, nilivuta moja zikaja nne, anza kileleni, ncha ya kisu katikati ya viwili halafu zungusha taratibu. Angalia na meno pia, ile sukari inakata fizi.

Nilipiga simu kesho yake kulalamika, yule dada wa dukani akaomba radhi vizuri tu lakini hela ya usafiri hawakurudisha hata senti. Hapo ndo wamenikera, maana wapishi wao ni hodari kweli na dereva ndo anawaharibia.

Ningeagiza tena? Ndio, ila ningeufuata mwenyewe na gari, na mbili kwa kila mtu zingetosha maana keki ilikuwepo. Zilibaki kama thelathini, asubuhi zilikuwa zimelowa zinanata nikatupa zote, shangazi alinuna. Amana ya stendi nimeipata baada ya kupiga simu mara mbili.