Linux Mint kwenye kompyuta yangu kuukuu ya gemu
Kompyuta yangu hapa Nkuhungu ni Core i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8, kadi ya michoro ya Nvidia GTX 1050 Ti. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Kununua nyingine? Ada ya mtoto kwanza.

Nikapuliza feni (vumbi la Dodoma lilikuwa limejaa kama pamba), nikaijaribu Linux Mint, mfumo endeshi wa bure wa kutumia badala ya Windows, moja kwa moja kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa diski. Hilo nimelipenda mno. Draiva ya Nvidia (programu ya kuendesha kadi ya michoro) iko kwenye menyu yake: nikabofya, nikawasha upya, basi. Gemu ya Euro Truck Simulator 2 ina toleo lake la Linux. The Witcher 3 inapitia Proton ya Steam (duka la gemu mtandaoni), inayoendesha gemu za Windows ndani ya Linux, na nikipunguza vivuli inatiririka vizuri kabisa. Bando ndilo liliumia, maana nilipakua gemu upya usiku mbili mfululizo.

Fortnite haichezeki kwenye Linux, na mdogo wangu haambiliki kuhusu gemu hiyo. Kwa hiyo Windows nimeiachia diski ya zamani. SSD, yaani diski ya kasi, ni ya Mint, ndiyo ninayoiwasha kila jioni.