Penseli za mchora hina, kuanzia ya shilingi 20 mpaka ile ya shaba

Nianze kwa kujitetea. Mimi si msanii wa kutundika picha ukutani, mimi ni mchora hina, kazi yangu ni mikono na miguu ya watu, lakini kabla hina haijagusa ngozi ya bi harusi kuna daftari, mfano lazima uchorwe pale auone, abadilishe mawazo, mamake aje atie neno, shangazi naye aje akatae ua la kati ati kubwa kama sahani, tufute tuanze upya. Hapo ndipo penseli inapoingia. Na daftari hilo hilo ndilo lenye oda zangu, majina, tarehe, nani katoa arubuni nani bado, vyote kwa penseli, maana kaskazi ikikaza hapa Mombasa mkono watoka jasho mpaka wino wapaka ukurasa mzima na jina la mteja labaki doa tu. Penseli itapakaa kidogo lakini haiyeyuki.

Kwa hivyo nshajaribu nyingi. Hizi ni zile zilizobaki mkobani, na mbili ambazo kwa sasa hazimo mkobani, ntafika huko.

Nataraj kwanza, ile nyekundu yenye mistari myeusi, kila aliyesoma skuli za huku akiiona harufu ya maganda ya penseli yamrudia puani. Yatoka India, kampuni yaitwa Hindustan Pencils, wako tangu 1958, na Apsara pia ni yao hao hao, kwa hivyo wanaobishana ipi bora wabishania watoto wa nyumba moja. Mimi huipata kwa shilingi 20. HB yake, ile ngazi ya kati, haikolei sana, nyeusi ya kijivu jivu, lakini kwa kuandika oda na namba za simu siitafutii mbadala, ncha yakaa kurasa mbili tatu kabla hujataka kuchonga, na ikipotea huliii. Hata nilipofanya KCPE, ule mtihani wa kumaliza skuli ya msingi, wakati ule wa kupaka vile vidude vya majibu nilikwenda na HB mbili kama hizi zimechongwa kama sindano, moja ya kutumia na moja ya roho kutulia.

Penseli yoyote ya mti, ya bei yoyote, itazame kitako kabla hujalipa. Ile nukta nyeusi iko katikati ama imeegemea? Ikiegemea, ukichonga upande mmoja mti wabaki mrefu na upande wa pili risasi iko uchi, haitakaa, itakatika ukiikandamiza kidogo tu. Mimi husimama dukani nazigeuza moja moja kwenye mwanga, siku moja mzee wa duka kule nyuma ya Marikiti alichoka akaniuliza, "Mwanangu, wanunua penseli ama wachagua mume?" Nkamwambia ami, mume sikumwangalia hivi, ndiyo maana saa hizi naangalia penseli. Alicheka mpaka akanipa kifutio cha bure.

Kuna duka jengine sitalitaja, huko niliuziwa boksi zima la penseli za mti zisizo na jina, rangi nzuri za kuvutia, nikifika nyumbani nachonga ncha yadondoka nzima, nachonga yadondoka, nikadhani ni kichongeo nikachukua wembe, wapi, boksi likaisha maganda yakajaa sinia. Risasi ilikuwa imekatika ndani kwa ndani, penseli zikiangushwa ndivyo huwa, nje nzima ndani vipande. Nilirudi dukani nikaambiwa bidhaa ikishatoka hairudi, basi.

Na nikisema risasi si risasi. Bibi yangu mpaka leo aiita kalamu ya risasi na alikuwa akitukataza kuiramba ati ina sumu, lakini hamna risasi hata chembe, ni madini yaitwayo grafiti yamesagwa yakachanganywa na udongo wa mfinyanzi kisha yakachomwa tanurini. Mfaransa mmoja, Conté, ndiye aliyesajili njia hiyo kama uvumbuzi wake 1795. Udongo ukizidi penseli yawa ngumu na mstari mwepesi, hizo ndizo za H, grafiti ikizidi yawa laini na nyeusi, ndizo za B, na namba ikipanda ndivyo yazidi. Nilipojua hili ndipo nikaacha kununua HB kwa kila kitu kama mtu anayepika kila chakula kwa chumvi pekee.

Maana kuchora mfano wa hina kwa HB ni kujitesa. Jani la hina lina tumbo na lina mkia, koni ya hina ukiibinya mstari wanenepa, ukilegeza wakonda mpaka wapotea, ule ndio uzuri wenyewe, na penseli ya kuchorea mfano sharti ifanye vile vile la sivyo bi harusi ataona kitu kimoja kwenye daftari na chengine mkononi. Hapa natumia Staedtler Mars Lumograph, ile ya buluu yenye kitako cheusi, 2B ya mistari na 4B ya kujazia. Wanazo ngazi kuanzia 10H mpaka 12B lakini usidanganyike ukanunua boksi zima, mimi nilinunua na zile za H bado ziko na ncha ya kiwandani, mwanangu ndiye azitumia kuchora mistari ya jometri. 2B yake yateleza vizuri na weusi wake umetulia, ukianza shina la ua pale kwenye kifundo cha mkono, ukaja nalo taratibu mpaka kidole cha shahada, mkono hausiti hata mahali pamoja, kisha ukiilaza penseli kidogo upande upande unapata kivuli cha jani bila kubadilisha chombo. 4B nayo yamaliza ncha haraka, andaa maganda.

Faber-Castell 9000 ya kijani nayo ninayo, iko sokoni tangu 1905, na sifa yake kwangu ni kwamba risasi imegundishwa na mti urefu wake wote kwa hivyo hata mtoto akiiangusha ngazini mara mbili tatu bado yachongeka. Kwa ulaini naona 2B yake ni kavu kidogo kuliko ya Lumograph, wengine watasema kinyume. Ni mkono.

Kitu ambacho hakuna anayekwambia ni kichongeo. Hewa ya bahari hapa ina chumvi, wembe mdogo ule washika kutu mwezi haujaisha na kichongeo chenye kutu hakichongi, chatafuna. Mimi nshahamia wembe wa kawaida, nachonga ncha ndefu, naisugua kwenye kipande cha msasa, kazi ya dakika moja.

Sasa za kubonyeza, zile zisizochongwa, wabonyeza kitako risasi yatoka. Wajua kampuni ya Sharp ile ya televisheni na kalkuleta? Jina lao lilitoka kwa penseli ya kubonyeza, muasisi wao Tokuji Hayakawa alitengeneza moja ya chuma 1915 wakaiita Ever-Ready Sharp, redio na televisheni zikaja baadaye. Mimi nilianza na Pentel P205, nyeusi, ya plastiki, nyepesi mpaka wasahau umeishika, risasi ya milimita 0.5. Hii ndiyo ninayoiandikia nikiwa njiani, kwenye matatu ama kwenye feri ya Likoni, kwa sababu huwezi kutoa wembe ukaanza kuchonga katikati ya watu, na maandishi yake ni yale yale membamba kuanzia asubuhi mpaka usiku. Minne imepita, miaka, haijawahi kunikatalia.

Kuru Toga ya Uni nilipewa zawadi. Ina akili, kila ukiinua ncha kutoka kwenye karatasi risasi yajizungusha kidogo ili isiliwe upande mmoja, ile ya mwanzo iliyotoka 2008 yahitaji kuinuliwa mara 40 kumaliza mzunguko. Nzuri, lakini ilibuniwa Japani ambako herufi moja mkono wainuka mara nyingi, mimi mwandiko wangu ni wa kuunganisha, na jina la bwana harusi likitakiwa kwa herufi za Kiarabu ndiyo kabisa, herufi nyingi zashikana mkono haujainuka, kwa hivyo ile mashini ndani yakaa tu kama abiria. Mwanangu aandika herufi moja moja za skuli, nimempa, yuwaipenda sana.

Na za kubonyeza zote, hata iwe ghali vipi, hazinichorei hina. 0.5 ni 0.5, jani halina tumbo. Nilijaribu kunenepesha kwa kupitisha mara tatu mara nne, mfano ukatoka kama ramani ya mabomba ya maji na mteja akaniuliza kwa heshima kama niko sawa.

Tufike kwenye ile ya shaba. Rotring 600, mwili mzima ni shaba iliyopakwa rangi, pembe sita, pale pa kushikia pana vimeno vimeno kwa hivyo jasho lije lisije haitelezi, na uzito wake ule wakuvuta mkono chini wenyewe huhitaji kukandamiza. Binamu yangu alinijia nayo kutoka Maskati, bei aliponitajia nilinyamaza nikahesabu ni kilo ngapi za hina. Kuandika nayo ni raha ya peke yake, nlikuwa naandika hata vitu visivyohitaji kuandikwa, orodha ya nyanya na vitunguu kwa penseli ya mhandisi. Lakini ile bomba nyembamba ya mbele inayotolea risasi hairudi ndani, na uzito wote ule ukianguka waangukia hapo. Yangu ilianguka. Nilikuwa nahesabu chenji kwenye feri, mkoba wazi, ikachomoka ikatua kwa ncha kwenye chuma, tii, na mama mmoja pembeni akasema "pole dadangu" kama nimefiwa. Kosa langu, P205 nayo bomba lake ni la nje vile vile lakini ni nyepesi, imeanguka mara ngapi sijui na iko.

Nikiulizwa ninunue ipi kwa pesa kidogo, Nataraj dazeni moja ya daftari na Lumograph 2B mbili za kuchora, ukibaki na chenji P205. Hiyo ya shaba iko kwa fundi wa saa Mji wa Kale, amesema atainyoosha kwa koleo zake ndogo nije Jumatatu, na hii ni Jumatatu ya tatu.