Rufaa kwa daktari bingwa: simu au barua?
Simu ni nzuri kesi ikiwa ya haraka, daktari wako anampigia bingwa, anamwambia potasiamu (madini kwenye damu) ya mgonjwa imepanda na figo haziko sawa, anamuuliza asimamishe dawa ipi, jibu anapata hapo hapo na pengine mgonjwa hata hana haja ya kwenda. Shida ni kwamba ikishakatwa hakuna kilichoandikwa, bingwa wa zamu inayofuata hajui lolote.

Barua inachelewa, sawa, ila ikiandikwa vizuri ina swali lenyewe, dawa na dozi zake, aleji, vipimo vilivyoshafanyika, mgonjwa hatolewi damu tena bure. Zile za "tafadhali mwone mgonjwa huyu" basi zinaniuma sana jamani, bingwa aanzie wapi? Mi nachagua barua, na bingwa naye ajibu kwa maandishi, maana daktari wa kwanza ndo anayeendelea na mgonjwa.