Fundi wa Kariakoo aliyenihamishia video zote

Kama umenunua laptopu mpya na kazi zako bado zimekwama kwenye ya zamani, nenda kwa mafundi wa Kariakoo, umtafute mwenye subira kama huyu wangu. Mimi napiga video za harusi, na faili moja la ukumbini hupita GB 10. Nilipohamishia kwenye diski ya nje, picha zilipita lakini video ziligoma: eti faili ni kubwa mno, ilhali diski ina nafasi tele.

Angeweza kuniuzia diski nyingine. Badala yake aliangalia ilivyofomatiwa, akakuta FAT32, ambayo haipokei faili linalofika GB 4. Akatoa kwanza vilivyokuwemo, akaifomati upya kwa exFAT, inayosomeka kwenye Windows na Mac. Kisha akachomoa waya kwenye tundu la USB 2.0 na kuuchomeka kwenye la bluu, la USB 3.0. Kasi ilibadilika palepale.

Nilichopenda zaidi ni uangalifu wake. "Dada, ile ya zamani usiifute leo," aliniambia, akalinganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili, kisha akafungua video kadhaa na kuzisogeza mbele hadi mwisho. Programu ya kuhariria hakuinakili, aliisakinisha upya kwa leseni yangu, maana folda yake ikihamishwa peke yake mara nyingi haifunguki.

Kibanda ni kidogo na mchana watu hujaa, hivyo wahi asubuhi. Bei tulipatana kabla hajagusa kitu, na haikupanda.