Cheti cha PMP kwa mtafiti anayetaka kuongoza uendeshaji: kinafaa hadi wapi?

Mtafiti anayelenga ukurugenzi wa uendeshaji huambiwa mapema achukue PMP, cheti cha usimamizi wa miradi cha taasisi ya PMI ya Marekani. Ushauri ni mzuri, mradi ajue kinaishia wapi.

Wengi hukwama kwenye maombi, kabla hata ya mtihani. Mwenye shahada anatakiwa awe na miezi 36 ya kuongoza miradi, pamoja na saa 35 za mafunzo. Miradi miwili ikienda sambamba, miezi hiyo huhesabiwa mara moja tu. Tasnifu ni hoja dhaifu, kwa kuwa mradi wa masomo hauhesabiki. Utafiti wenye mfadhili ulioongozwa kazini una nguvu. Kosa kubwa ni kueleza ulichogundua badala ya ulivyoongoza. "Nilichunguza usugu wa vimelea" haisaidii. Andika kwamba ulisimamia timu ya watu sita, ukapanga ratiba ya sampuli, ukadhibiti ununuzi wa vitendanishi, ukafunga hesabu za mfadhili. Kazi za kila siku za maabara, kama kuagiza glavu na kurekebisha mizani, ziache nje. Mwarifu mapema msimamizi wako wa zamani, kwa sababu ombi likichaguliwa kukaguliwa yeye ndiye atakayethibitisha.

Muundo wa mtihani ulioanza 2021 ulikuwa na maswali 180 kwa dakika 230, yaani sekunde 77 hivi kwa swali, na mapumziko mawili ya dakika 10. Pitia muhtasari wa sasa kabla ya kununua kitabu, maana muundo hubadilishwa. Wanasayansi hupoteza wiki nzima kwenye fomula za gharama na ratiba, ilhali hesabu ni chache. Maswali mengi hutoa hatua nne zenye mantiki na kuuliza ipi ianze. Kwa kawaida jibu ni kuchambua tatizo na kuzungumza na wahusika kabla ya kulipeleka kwa bosi.

Pengo lake ni hili: mradi una mwanzo na mwisho, uendeshaji haukomi. Katika muundo huo wa 2021, eneo la mazingira ya biashara lilipewa asilimia 8 tu ya mtihani; lile la watu asilimia 42, na la mchakato asilimia 50. Mkurugenzi wa uendeshaji hushughulika kutwa na faida na hasara, akiba ya ghala, wasambazaji wanaochelewa na mashine zinazosimama. Hapo Green Belt, cheti cha Six Sigma (mbinu ya kupunguza kasoro kwa takwimu) kinachotolewa na ASQ, chama cha ubora cha Marekani, kinamfaa zaidi: chati za udhibiti na usanifu wa majaribio ni takwimu ambazo mtafiti tayari anazimudu, sasa zikielekezwa kwenye bidhaa mbovu na foleni za uzalishaji. Uhasibu ausome kando. Vyeti vyote viwili havimfundishi kusoma mizania.

Tena havifupishi njia. Albert Bourla, daktari wa mifugo mwenye shahada ya uzamivu, aliingia Pfizer mwaka 1993 na kufika ofisa mkuu wa uendeshaji mwaka 2018, baada ya miaka 25 ya vyeo na nchi mbalimbali.

Kwa aliyekwisha kuongoza utafiti wenye mfadhili na anaomba kazi ya umeneja, PMP inastahili gharama yake. Mwenye uzoefu mdogo aanze na CAPM, cheti cha ngazi ya mwanzo cha PMI hiyohiyo, kisichodai miezi ya uongozi. Na bajeti isiishie kwenye ada ya mtihani: PMP hudumishwa kwa alama 60 za mafunzo kila miaka mitatu, na ada ya kuhuisha juu yake.